Rocky, Ubuntu, Debian au Oracle Linux: ipi muiandae kwa klasta ya PostgreSQL isiyotakiwa kulala?

fundi_ngamiani
Wakuu habari za leo. Niko Tanga mjini, nahudumia SACCOS yenye matawi Muheza, Korogwe na Pangani, wote wanaingia databesi moja iliyopo hapa mjini. Sasa hivi ni PostgreSQL 15 juu ya seva moja ya CentOS 7, na kama mnavyojua CentOS 7 sapoti yake iliisha tarehe 30 Juni 2024, hivyo tumekaa vibaya. Uongozi umetoa hela tumepata seva tatu mpya zinazofanana, kila moja RAM 64 GB na SSD, nataka nipige Patroni (inayosimamia seva ipi iongoze) na etcd (inayotunza kura za nani kiongozi) ili moja ikifa nyingine ishike bila mwanachama dirishani kuambiwa arudi kesho. Mpango wangu ni kuiunga ile ya zamani na hizi mpya kama replika (nakala zinazoifuata), data zikishahamia zote nabadili kiongozi, yaani seva inayoandikwa, basi. Nalinganisha Rocky Linux 9, Ubuntu 24.04, Debian 12 na Oracle Linux 9. Naomba ushauri wa OS (mfumo endeshi) yenyewe na pia mambo ya kuandaa kabla sijagusa databesi, maana nikishaweka kazini hapo sina nafasi ya kurudi nyuma.

kijana_raskazone
Mkuu mie nakushauri Ubuntu 24.04, sapoti ya kawaida mpaka 2029 na ukikwama saa nane usiku ukitafuta msaada mtandaoni majibu mengi ni ya Ubuntu. Ila kuna vitu viwili uvidhibiti mapema. Cha kwanza unattended-upgrades inakuja imewashwa, sasa apdeti ya postgres ikiingia usiku huduma inariboti yenyewe na klasta inaanza kuhamisha kiongozi bila wewe kujua kwa nini, so hizo paketi za postgresql, patroni na etcd zifunge kwa apt-mark hold halafu unazipandisha wewe mwenyewe nodi (seva ya klasta) moja moja. Cha pili, Ubuntu na Debian ukisakinisha tu postgresql inakutengenezea klasta ya main (hapa klasta ni seti ya databesi ndani ya seva moja) na kuiwasha hapohapo, wakati Patroni inataka ianzishe yenyewe. Kabla ya kusakinisha ingia /etc/postgresql-common/createcluster.conf weka create_main_cluster = false. Wengi wanakesha na hili.

mzee_wa_kerneli
Kwa aliyetoka CentOS naona Rocky 9 ndo njia fupi, amri zilezile, dnf, firewalld, SELinux (ulinzi wa ndani ya kerneli), na sapoti inakwenda mpaka 2032. Mtu akizoea kitu mikono inajua yenyewe, na usiku wa matatizo hilo ni kubwa kuliko tofauti zote za OS. Ukichukua postgres ya PGDG (hazina ya paketi ya mradi wa PostgreSQL wenyewe) kumbuka kwanza dnf module disable postgresql la sivyo inakuletea ile ya Rocky wenyewe. Poti fungua 5432 ya postgres, 8008 ya Patroni, 2379 na 2380 za etcd, na hizo tatu za mwisho ziwe kati ya seva zenyewe tu pamoja na HAProxy (inayoelekeza miunganisho kwa kiongozi) inayoiuliza 8008 nani kiongozi, sio kompyuta za madirishani. SELinux naomba usiizime, hizo ni hela za watu, iache enforcing ukipata kikwazo soma log urekebishe.

Oracle Linux ni nzuri na ni bure kupakua na kuapdeti, ila faida yake kubwa unaiona ukiweka databesi ya Oracle yenyewe, maana kuna paketi ya oracle-database-preinstall-19c inayokupangia kerneli, watumiaji na limits kwa mkupuo mmoja. Kwa Postgres haikupi cha ziada. Na kama kuna mtu anawaza RAC (databesi moja ya Oracle kuendeshwa na seva kadhaa kwa pamoja), ajue inataka disiki za pamoja, mtandao wa faragha kati ya nodi, na toka toleo la 19c Standard Edition 2 haina tena RAC, so ni Enterprise na bei yake.

BiSeva
Fundi kabla hujaendelea na OS, huo mpango wa kuiunga CentOS 7 kama replika uache kabisa, nakuomba. Hakuna aliyeugusa hapo juu na ndo hatari kubwa kuliko zote.

Postgres kwa kawaida inapanga maneno kwa kutumia glibc (maktaba ya msingi ya Linux) ya OS, na toleo la 2.28 la mwaka 2018 lilibadilisha mpangilio. CentOS 7 ina 2.17, Rocky 9 ina 2.34, Debian 12 ina 2.36, Ubuntu 24.04 ina 2.39. Ukichukua "11" na "1-1" kwa en_US.UTF-8, glibc ya zamani inatanguliza 11 na mpya inatanguliza 1-1. Sasa fikiria namba za akaunti za wanachama zenye vistari: replika inanakili indeksi (orodha ya kutafutia) kama ilivyo, baiti kwa baiti, ikiwa imepangwa kwa sheria ya zamani, halafu OS mpya inatafuta kwa sheria mpya. Mwanachama anakuja dirishani Pangani mfumo unasema hayupo, wakati yupo. Au mbaya zaidi unique (sharti la kutorudia) inaruhusu akaunti ileile iingie mara mbili. Na siku unabadili kiongozi Postgres 15 itatoa onyo tu kwamba toleo la mpangilio halilingani, haitazuia kitu, ukilipita kila kitu kitaonekana kizima, utakuja kugundua wakati wa kufunga hesabu.

Kwa hiyo hamisha kwa pg_dump (kutoa data zote kwenye faili) na kurejesha, indeksi zinajengwa upya kule kule mpya. Databesi ya SACCOS hata ikiwa na makumi ya GB Jumapili moja inatosha, ijaribu kwanza ujue inachukua muda gani. Kama hamwezi kufunga muda huo basi replikesheni ya kimantiki, yaani ile ya publication na subscription, ila hiyo haibebi sequence (vihesabu vya namba) wala mabadiliko ya muundo wa jedwali, hivyo sequence unazisogeza kwa mkono mwishoni. Faida ni kwamba njia zote mbili zinakuruhusu kuruka moja kwa moja mpaka PostgreSQL 17, na 17 ina C.UTF-8 ya ndani isiyotegemea glibc kabisa.

Na kwa sababu hiyohiyo nodi zote tatu ziwe OS moja, toleo moja. Usiweke mbili Rocky na moja Ubuntu ati kwa kujaribu.

fundi_ngamiani
Dada BiSeva Mungu akubariki, namba zetu za akaunti zina vistari kweli, tawi kistari namba. Mpango wa replika naufuta leo hii. Itakuwa pg_dump. Sasa kwenye kerneli niweke nini?

mzee_wa_kerneli
Transparent huge pages (kurasa kubwa za RAM ambazo kerneli inajipangia yenyewe) zima, lakini usizime kwa kuandika kwenye /sys tu maana ukiriboti inarudi, tumia grubby (inayobadili vigezo vya kuwashia kerneli) uweke transparent_hugepage=never. Huge pages za kawaida, unazozitenga mwenyewe, hizo ni kitu kingine na unazitaka. Kwa RAM 64 GB ukianza na shared_buffers (RAM ya pamoja ya postgres) ya 16 GB, kurasa za 2 MB ni 8192 na nyongeza kidogo, toka toleo la 15 postgres yenyewe inakuambia namba kamili ukiiuliza shared_memory_size_in_huge_pages kabla hujaiwasha. vm.swappiness (hamu ya kerneli kutumia swap, yaani disiki badala ya RAM) weka 1. vm.overcommit_memory weka 2 ili kerneli isije ikaiua postgres RAM ikibana, ila hapo ukiacha overcommit_ratio kwenye 50 yake ya kawaida, kerneli inatoa zile huge pages kwanza, inabaki 48, nusu yake ni 24 GB jumlisha swap, ndo mwisho wako, na RAM nyingine imekaa bure. Pandisha hiyo ratio iwe 80 hivi.

dba_bwagamoyo
Salam kutoka Bagamoyo. Mie klasta ninayoangalia ni MariaDB Galera, kule nodi zote zinaandikika na poti ni 3306, 4567, 4568 na 4444, ila maandalizi ya OS yanafanana sana. Kwa kazi ya fundi asihame, abaki Postgres.

Nataka nisisitize disiki ya etcd maana watu wanaidharau kwa vile data yake ni ndogo. etcd kila uamuzi inauandika mpaka disiki ikiri, na wenyewe wanataka asilimia 99 ya fsync (yaani uandishi huo mpaka disiki ikiri) ziishe chini ya milisekunde 10. SSD za dukani zisizo na kinga ya umeme kukatika nyingi zinashindwa hapo, hasa bakapu ikiwa inaandika kwenye disiki hiyohiyo, etcd inachelewa, Patroni inaona kiongozi kapotea, inahamisha bure. Pima kwa fio (programu ya kupima disiki) kabla. Ikiwezekana etcd ipate disiki yake peke yake.

Chrony weka seva zote tatu zisome saa kwa chanzo kimoja, utakuja kushukuru siku unalinganisha log. Washa pia softdog (mlinzi wa kerneli anayeriboti seva iliyoganda) na umpe mtumiaji postgres ruhusa ya /dev/watchdog kwa kanuni ya udev, kwenye Patroni weka mode required, ili kiongozi aliyeganda aribotiwe na asije akazinduka akakuta mwenzake keshashika.

Halafu seva tatu kwenye UPS moja na swichi moja bado ni kitu kimoja kinachoweza kufa. Gawanya. Na kwa hewa ya chumvi ya huko kwenu na huku kwetu, chumba kifungwe, feni za seva zisivute hewa ya dirishani.

kijana_raskazone
Na nodi moja akiiweka Muheza?

dba_bwagamoyo
Kama laini ni fiba imara inawezekana, heartbeat (ishara ya uhai) ya etcd kwa kawaida ni milisekunde 100 na muda wa kusubiri kabla ya uchaguzi wa kiongozi 1000, zinarekebishika. Kama laini inakatika katika bora zote zikae mjini vyumba tofauti, Muheza au Dar ikae bakapu ya pgBackRest.

fundi_ngamiani
Nimeamua Rocky 9 zote tatu, PostgreSQL 17, pg_dump siku ya Jumapili. Majaribio ya kuhamisha kiongozi nafanyaje, systemctl stop inatosha?

BiSeva
Haitoshi, hiyo ni kuaga kwa adabu na ajali haiagi. Chomoa waya wa umeme wa kiongozi huku programu ya dirishani inaandika, kisha siku nyingine chomoa waya wa mtandao tu, kisha jaza disiki. TTL ya Patroni, yaani muda kiongozi anaopewa kabla ya kuhesabiwa amepotea, kwa kawaida ni sekunde 30, hivyo tegemea kimya cha muda huo hivi na uwaambie wa dirishani mapema. Mwisho zima etcd mbili kwa pamoja. Kiongozi atashushwa awe wa kusoma tu, usishtuke ndivyo inavyotakiwa, bila wingi wa kura hana uhakika kama yuko peke yake. Kama mnataka aendelee kuandika pale wenzake wote wanapoitika kuna failsafe_mode toka Patroni 3.0, isome vizuri ndo uiwashe.