Naombeni ushauri: kufundisha historia ya sayansi kwa nyaraka, nianzie wapi?

Mwl wa Mbagala
Wakuu, nafundisha Historia sekondari, na sasa nimekabidhiwa klabu ya sayansi kwa kuwa mwalimu wa fizikia kahamishwa. Volkano za soda nimezichoka. Nataka wanafunzi waone sayansi ni kazi ya watu: nani anasikilizwa, nani analipwa, nani jina lake haliandikwi. Nimewaza mifupa ya dinosaria ya Tendaguru kule Lindi. Wajerumani walichimba 1909 hadi 1913, wapagazi wakaibeba hadi bandarini, leo mjusi yule mkubwa kasimama Berlin. Nifikirie kuwapeleka Nyaraka za Taifa pale Upanga? Watoto wako arobaini na kitu.

Mzee wa Kabati
Mwalimu, arobaini hapana. Chumba cha kusomea kinataka utulivu, na mafaili mengi ya Mjerumani yako kwa mwandiko wa zamani unaowatoa jasho hata Wajerumani wenyewe. Nenda kwanza peke yako na barua ya shule, chagua karatasi chache za enzi ya Mwingereza zilizopigwa taipu, uulizie utaratibu wa nakala. Darasani waulize: kaandika nani, kamwandikia nani, na mtu aliyetajwa humu angeandika nini kama angepewa kalamu?

Binti wa Kusini
Tendaguru anza na majina. Msimamizi wa vibarua alikuwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 dinosaria mmoja akaitwa Australodocus bohetii, na 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei: humo wamo Wamwera, wenyeji wa huko, na Mohammadi Keranje, naye msimamizi palepale. Karibu miaka mia baadaye! Waache wabishane kwa nini. Na usisahau vita ya Maji Maji ilikuwa imezimwa juzi tu, 1907, kusini hukohuko. Vibarua wale hawakutoka kwenye nchi iliyotulia.

Kaka Mkubwa
NECTA, wale wa mitihani ya taifa, hawaulizi haya. Nimemaliza.

Fundi Friji
Kaka, ndiyo maana ikaitwa klabu.
Mwalimu, mbona mnaenda mbali? Chukua Mpemba. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, kidato cha tatu shule ya Magamba, aliweka maziwa ya moto kwenye friji kutengeneza aiskrimu, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia kachanganyikiwa. Akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza jambo hilo mwanafizikia Denis Osborne aliyekuja kutoka chuo kikuu hapa Dar, wenzake wakamcheka. Osborne akarudi, akampa fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaona maji ya moto yameganda kwanza, akaahidi kurudia mpaka apate jibu sahihi! Hapo ndipo pa kusimama nusu kipindi. Makala yao ilitoka 1969 katika jarida la Physics Education, na Mpemba kajisimulia mwenyewe. Wanasayansi bado wanabishana kama jambo lenyewe ni kweli, kwa hiyo hakuna wa kukariri jibu.

Mwl wa Mbagala
Fundi, umeniokoa. Naanza na Mpemba, Tendaguru muhula ujao. Ila yule fundi wa maabara aliitwa nani?

Fundi Friji
Hilo ndilo swali la kuwapa watoto.

Mzee wa Kabati
Na jaribio lifanyeni. Friji shuleni lipo?

Mwl wa Mbagala
Lipo la mama wa juisi getini.

Binti wa Kusini
Mlipeni umeme wake, na jina lake liingie kwenye ripoti.