Mrejesho: kupima methani kwenye biogesi ya samadi, Chamwino

Wakuu, niliuliza namna ya kujua kiasi cha methani (gesi inayowaka) kwenye biogesi yetu bila kupeleka sampuli maabara. Aliyeshauri nipime kasi ya sauti ndani ya gesi, Mungu akubariki! Kwenye nyuzi 20 sauti husafiri takriban mita 446 kwa sekunde ndani ya methani, 267 ndani ya kaboni dayoksaidi, gesi nyingine kuu kwenye biogesi. Tofauti inasomeka wazi: sauti ikienda kasi zaidi, methani ni nyingi zaidi.

Ila angalieni sana hili: hewa ya kawaida ni mita 343, karibu sawa na biogesi yenye methani asilimia 60. Bomba likivuta hewa, kipimo kitakuambia gesi ni nzuri kabisa! Nimeongeza kihisi cha oksijeni ili kigundue hewa ikiingia. Gesi ikaushwe kwanza, na kipimajoto kikae ndani ya bomba, maana mvuke na joto hubadilisha kasi ya sauti, na jua la Dodoma mnalijua.