Kutembea taratibu mtaani: macho yaanzie wapi?

Mpitanjia
Wakuu, habari za asubuhi. Nimeshauriwa kutembea polepole kila siku ili kichwa kitulie, nijifunze kuuona uzuri wa mtaani kwangu. Niko Magomeni, Dar. Nazunguka nusu saa, akili iko kwenye madeni. Nikirudi sikumbuki hata nyumba moja. Nakosea wapi? Au uzuri wenyewe uko mitaa ya kitajiri?

Fundi Nakshi
Mkuu, nusu saa ni ndefu kwa kuanzia, na bila shaka mwendo wako ni wa kuwahi daladala. Chukua kama mita 300, nenda na urudi kwa dakika 20. Njia iwe ileile wiki nzima: ukishajua mashimo na mitaro ilipo, macho yanapata nafasi ya kuinuka.

Halafu chagua kitu kimoja tu kwa siku. Anayetoka kutafuta "uzuri" kwa jumla haoni chochote, maana akili haina pa kushika. Leo iwe tofali za nakshi, zile zenye matundu ya umbo la maua. Toka kabla ya saa 2, jua likiwa bado chini: kwenye baraza linalotazama mashariki, mwanga hupenya matundu na kuchora maua yaleyale sakafuni, yakiwa yamerefuka. Jua likishapanda, hayapo tena.

Bi Pindo
Mitaa ya kitajiri ni kuta na mageti, mwanangu. Uswahilini mambo yako nje. Angalia kanga zilizoanikwa: kwanza pindo linavyozunguka pande zote nne, kisha mji wa katikati, mwisho jina. Jina mara nyingi limekunjwa kwenye kamba, unasoma nusu na kubuni iliyobaki. Ila usigande mbele ya kamba ya watu. Salimia kwanza.

Mnana
Mimi ningeanza na miti. Mkungu hugeuza majani kuwa mekundu kabla hayajadondoka, na kwenye tawi moja utakuta kijani, manjano na damu ya mzee. Mkrismasi ukichanua kuelekea mwisho wa mwaka, okota ua zima chini. Petali ni tano: nne nyekundu tupu, ya tano ina madoa meupe na ya manjano. Watu wengi wanaupita mti huo kila mwaka bila kuliona hilo.

Mkipata mnazi wenye viota vya mnana, simameni hapo dakika 10 nzima. Dume huchana ukanda mwembamba wa jani bichi, hufunga kwanza pete, kisha husuka kiota kuanzia kwenye pete hiyo. Lazima ukanda uwe mbichi, mkavu haupindiki. Kiota cha kijani ndicho kipya. Kikishakauka na kuwa cha kahawia, majike hawakitaki sana.

Mpitanjia
Asanteni sana. Shikamoo Bi Pindo. Na simu je? Halafu salamu zinanikatisha kila baada ya hatua chache.

Bi Pindo
Marahaba. Salamu usizikimbie, jibu ukiwa umesimama na umtazame mtu usoni. Hiyo nayo ni sehemu ya matembezi. Kinachoharibu ni kusalimia huku unatembea: hukumwona mtu wala hukuona njia.

Fundi Nakshi
Simu iwe kimya mfukoni. Picha ukiianza mapema, utabaki unatafuta picha tu. Ukifika nyumbani andika mistari mitatu: kitu, mahali, rangi. Ukikosa mstari wa tatu, kesho punguza njia, usiongeze.