Majalala ya mashamba ya kale: yanaonyesha walichokula au walichotupa?

Mwanachuo_7: Wakuu, walowezi wa kwanza wa Aislandi walifika miaka ya 870. Tabaka za chini za majalala yao zina ng'ombe wengi, na nguruwe na mbuzi wamo. Ukipanda juu, nguruwe wanatoweka, mbuzi wanaadimika, kondoo wanatawala. Nasema misitu ilikatwa, nguruwe wakakosa malisho. Nani anapinga?

Koleo: Mimi. Jalala si sahani. Taka na samadi zilizolewa zikamwagwa shambani kurutubisha udongo, na mifupa ikaenda nazo. Halafu wachimbaji wa zamani walikuwa wavivu, hawakuchekecha udongo, mifupa midogo ya samaki ikaishia kwenye kifusi.

BintiKifusi: Wavivu? Nimepiga magoti mashimoni misimu minne, mvua inanipiga. Waliotutangulia walikuwa wanatafuta kuta za nyumba, hilo ndilo lilikuwa swali lao. Futa hilo neno.

Koleo: Sifuti. Samaki mmoja ana mifupa kibao. Usipochekecha utatangaza kwamba watu hawakula samaki, na magoti yako hayabadilishi hilo.

BintiKifusi: Hofstaðir je? Shamba la bara, karibu na ziwa Mývatn, mbali na pwani. Samaki wa baharini wamepatikana, lakini mifupa ya vichwa ni haba mno. Maana yake walikatwa vichwa pwani, wakakaushwa, wakapandishwa bara. Hiyo ni kazi ya mvivu?

Koleo: Hao walichekecha! Ndicho ninachosema tangu mwanzo.

Mwanachuo_7: Jamani, na nguruwe?

Tabaka: Kwanza juu na chini unavijuaje? Pale kinachotusaidia ni majivu ya volkano. Ukikuta majivu ya Hekla ya 1477 hayajavurugwa...

Koleo: Hekla ni 1104, mkuu. 1477 ni volkano nyingine, Veiðivötn.

Tabaka: Kweli, nimechanganya. Ila hoja ipo palepale: mifupa iliyo chini ya majivu yasiyovurugwa ilitupwa kabla yake. Mwanachuo, nguruwe wako wako chini ya majivu gani? Na hao kondoo na mbuzi nani aliwatofautisha? Vipande vingi vya mifupa yao havitenganishiki kwa macho.

Mwanachuo_7: Hapo kwa mbuzi nakubali, nilikimbilia. Nguruwe siwaachi, jino la nguruwe halifanani na la kondoo.

BintiKifusi: Koleo, neno lako bado naliona hapo juu.