Naomba ushauri: nikate vipi mawe ya septaria bila kuyapasua?

Mpenda Mawe
Asalaam aleikum wanajamvi, na wakubwa wangu shikamooni. Nina jambo linalonikosesha usingizi. Huokota mawe kwa kujifurahisha, na hivi karibuni nimepata mabonge ya duara yenye ukubwa wa dafu, ambayo yakikatwa huonyesha mishipa ya manjano iliyotandaa ndani ya tope la kijivu lililogeuka jiwe. Nimesoma kwamba huitwa septaria. Nilianza kulikata moja kwa grainda, nalo likafunguka kwa kufuata ufa wake lenyewe badala ya mstari nilioupiga kwa chaki. Swali langu ni moja tu: nifanyeje ili yaliyobaki yakatike sawasawa, kisha yang'ae? Naomba mnijibu mapema, kwa kuwa nina haraka kidogo.

Fundi Vigae
Ndugu yangu, kwanza iweke kando hiyo grainda kavu. Tafuta mashine ya kukatia vigae yenye diski ya almasi na maji yanayotiririka muda wote, na uhakikishe umeme wake unapitia swichi inayojikata yenyewe, kwani maji na waya havipatani. Mishipa hiyo kwa kawaida ni kalisaiti, yaani madini ya chokaa, ambayo katika kipimo cha ugumu cha Mohs ni 3 tu, kwa hiyo hata kisu cha chuma huikwaruza. Diski haishindwi na ugumu wake. Kinacholiponza jiwe ni nyufa ambazo hazikujaa. Lioshe, likaushe kabisa, kisha uzinyweshe nyufa gundi nyepesi ya epoksi na uiache ikauke vizuri kabla ya kukata. Unapokata usilisukume, liache diski ilile taratibu.

Baada ya hapo tumia msasa wa maji: anza na namba 120, kisha 220, 400, 600 na 1000, wala usiruke hatua hata moja, maana mikwaruzo utakayoiacha nyuma ndiyo itakayokuaibisha mwishoni. Kila ukibadili msasa, lioshe jiwe na mikono yako pia. Mng'aro wa mwisho hupatikana kwa poda ya oksidi ya bati juu ya ngozi iliyoloweshwa. Usithubutu kulisafisha kwa siki au asidi, kwani kalisaiti itatoa povu na uso wote utapauka. Zaidi ya yote, usivute vumbi lake: tope lile huwa na silika, yaani madini ya mchanga, na mapafu yaliyoharibiwa na silika hayaponi.

Mla Mabuyu
Kama lina ukubwa wa dafu, mpelekee muuza madafu wa Mama Ngina alipasue kwa panga. Maji yake utatugawia sisi.

Bi Mkubwa wa Kuze
Mwanangu, mimi nauliza lile ambalo wanaume hamliulizi: hayo mawe unayakatia wapi, na mkeo anasemaje? Marehemu mume wangu alikuwa na tabia hiyo hiyo, ila yeye alipenda makombe ya baharini. Alijaza ua mzima hata nguo zikakosa pa kuanikwa, na harufu yake majirani waliijua kabla ya sisi wenyewe. Nakumbuka pia matanuri ya chokaa, ambamo matumbawe yalichomwa ili watu wapate kujengea nyumba. Wakati ule jiwe lilikuwa na kazi. Siku hizi mtu hukata jiwe apate kulitazama! Sikukatazi, lakini usiniambie kwamba mtu anayejifurahisha ana haraka.

Mwalimu wa Jiografia
Bi Mkubwa amegusa penyewe. Nami naongeza swali: mawe hayo umeyatoa wapi? Kisiwa chetu cha Mombasa na Nyali vimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ambao kwa hesabu ya miamba una umri mdogo sana. Septaria hutokana na tope la bahari lililoshikamana kwa chokaa, mara nyingi kukizunguka kitu fulani kilichozikwa humo, kisha likapasuka kwa ndani, na baadaye maji yenye madini yakazijaza nyufa. Tope la namna hiyo kwetu liko bara, kuanzia Changamwe na Miritini hadi pande za Rabai, nalo ni la enzi ya Jurasiki.

Mpenda Mawe
Ni upande wa Miritini, katika kifusi cha msingi wa jengo. Msimamizi aliniruhusu nichukue nitakacho. Haraka yangu ni ya kibinafsi, kwa hiyo naomba turudi kwenye ukataji.

Mwalimu wa Jiografia
Tutarudi. Umesema lile la kwanza lilifunguka lenyewe. Jiwe la aina hii likifunguka hivyo, huenda lilikuwa na kitu katikati. Ulikuta nini?

Mpenda Mawe
Nilikuta kombe lililojikunja duara, lenye mbavu, limegawanyika pande mbili. Nadhani ni amonaiti. Kuna mnunuzi wa ng'ambo aliyeiona picha yake akanitumia arubuni, nami nimekwisha kuitumia kununua mashine ile ile aliyoitaja Fundi. Kabla hamjanirukia: sikuiba, sikuchimba, na kifusi kile kilikuwa kinapelekwa kujazia shimo. Makombe yamejaa pwani nzima na hakuna anayeyalilia. Nilichotaka kujua ni namna ya kuling'arisha bila kuzimega zile mbavu.

Mwana wa Changamwe
Kombe la ufukweni na amonaiti si kitu kimoja, ndugu. Amonaiti ni wanyama wa baharini waliotoweka duniani miaka milioni 66 iliyopita, na hicho ulichonacho ni kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe yaliyogeuka jiwe. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inamtaka anayekigundua kitu kama hicho atoe taarifa kwa Makavazi ya Taifa, na hairuhusu kipelekwe nje bila kibali. Ruhusa ya msimamizi wa mjengo haihusiki hapo hata kidogo. Ofisi zao ziko Fort Jesus, si mbali.

Mpekuzi
Jamani, mbona mnadanganyika kirahisi? Mawe yenye mishipa ya manjano iliyokolea hutoka Mahajanga, Madagascar, au Utah kule Marekani, na huuzwa duniani kote yakiwa yamekwisha kung'arishwa. Huyu bwana hajaweka picha hata moja, lakini mnunuzi wa ng'ambo anayo. Mimi naona ana mzigo wa Madagascar, na anatafuta mashahidi wa kusema kwamba umetoka Miritini.

Mla Mabuyu
Basi hata lile dafu ni la Madagascar.

Mpenda Mawe
Nimesikitika. Ningekuwa na mzigo uliokwisha kung'arishwa, ningeuliza habari za msasa kwa sababu gani? Picha siweki, kwa kuwa mnunuzi ameniomba nisiisambaze.

Mpekuzi
Ameomba isisambazwe! Mnasikia wenyewe.

Mwalimu wa Jiografia
Rangi peke yake si ushahidi, Mpekuzi. Septaria zimo katika nchi nyingi. Hata Uingereza zilichomwa na kusagwa zikawa saruji, ambayo ilipewa hataza mwaka 1796, kwa hiyo Bi Mkubwa atafurahi kusikia kwamba nazo zilikuwa na kazi. Lakini mnunuzi anayetaka picha ifichwe ananitia shaka kuliko muuzaji.

Fundi Vigae
Kweli au uongo, mimi namjibu kama fundi. Lile lenye amonaiti usilitie diski, msasa wala gundi. Ukizisugua zile mbavu umeuondoa uso wenyewe, na pengine mtaalamu hataweza tena kuitambua aina yake. Andika ulipolipata, uvifunge vipande kwa kitambaa, uviache hivyo. Yale yasiyo na kitu ndani ndiyo ujifunzie.

Bi Mkubwa wa Kuze
Na arubuni ya watu irudishwe, mwanangu. Mashine iuze ukibanwa.

Mpenda Mawe
Nimewasikia, ingawa kuiuza mashine kabla sijaitumia ni vigumu. Sasa niambieni: nikienda Fort Jesus, ni lazima nipeleke vipande vyote viwili, au kimoja kinatosha?