Ramani ya sensa: kaunti tano nyeupe, Nairobi punje

Binti Kilifi:
Wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo. QGIS, programu ya kuchora ramani, nina juma moja tu nayo. Bosi anataka ramani ya watu na viti vya ubunge kwa kaunti zote 47, sensa ya 2019. Nimeunganisha jedwali langu na faili la mipaka, lakini Murang'a, Elgeyo/Marakwet, Taita/Taveta, Tharaka-Nithi na Nairobi City zimebaki nyeupe pe! Nairobi nikaijaza kwa mkono, na bado haionekani. Watu 4,397,073 wamekuwa punje ya mtama, Turkana yenye 926,976 imetanda kaskazini kama turubali. Nimekosea wapi?

Mzee Tabaka:
Marahaba mwanangu. Usiunganishe kwa majina. Wewe umeandika mkwaju (/), wao wameandika kistari (-); kwa kompyuta hizo ni kaunti mbili. Hata kile kialama cha Murang'a, kilichopinda na kilichonyooka havijuani. Tumia namba za kaunti, kuanzia Mombasa mpaka Nairobi, 47.

Ila chunga Excel, inakula sifuri za mbele. Faili langu lilikuwa na 01, 02, 03. Nilipofungua na kuhifadhi, zikawa 1, 2, 3. Pwani yote ikatoweka, pamoja na Garissa, Wajir na Mandera. Nikalaumu faili, nikalipakua mara tatu! Safu ya namba ifanye maandishi kabla hujaingiza chochote.

Mchoraji:
Hilo la punje si kosa lako, dada. Rangi hufuata ukubwa wa ardhi, na ardhi haipigi kura. Idadi ya watu iwekee maduara. Rangi ibakie kwa uwiano: watu kwa kilomita ya mraba, Nairobi 6,247, Marsabit 6.

Na viti, gawa watu kwa wabunge. Nairobi ina majimbo 17, kila moja wastani wa watu 258,000 na ushei. Lamu ina mawili kwa watu 143,920, hata 72,000 hawafiki. Ramani hiyo ndiyo bosi wako ataitazama mara mbili.

Binti Kilifi:
Zimekubali zote! Ya viti ameitazama kweli, kimya, hadi chai ikapoa. Kisha akaniambia sasa anaitaka kwa wadi. Ziko 1,450. Mzee, wadi nazo zina namba?