Mashine ikisema "najitambua", kauli yake ina uzito gani?

Mwalimu wa Hisabati, Morogoro

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mwanafunzi wangu wa kidato cha nne ameniuliza kama mashine inaweza kuwa na fahamu, na yenyewe ikajua kwamba inayo. Nilimsimulia jaribio la mwaka 2015 la Selmer Bringsjord na wenzake katika chuo cha Rensselaer, jimbo la New York. Roboti tatu ndogo ziliambiwa kwamba mbili kati yake zimepewa kidonge cha ububu na ya tatu kidonge kisicho na nguvu. Vidonge havikuwapo, ila mbili ziliguswa kichwani na sauti zao zikazimika. Zilipoulizwa zimepewa kidonge kipi, moja ilisimama ikajibu kwamba haijui. Iliposikia sauti yake, ikaomba radhi, ikasema sasa inajua: haikupewa kidonge cha ububu.

Kijana akasema, "Basi mwalimu, imejitambua." Nilitaka kumkatalia, nikakosa hoja. Mantiki ilikuwa sahihi: aliyezimwa sauti hasemi, mimi nimesema, basi sikuzimwa. Lakini je, ndani ya hilo neno "mimi" palikuwa na yeyote? Naomba msaada, kwa sababu sipendi kumrudia na jibu la kumfunga mdomo.

Muuguzi, Tanga

Mwalimu, sehemu ya ugumu huu imo katika lugha yetu wenyewe. Wodini tukisema mgonjwa "hajitambui" hatuna maana kwamba amesahau yeye ni nani, bali kwamba amepoteza fahamu: ukimwita haitiki, ukimfinya hashtuki. Kitenzi kimoja kinabeba mambo mawili, yaani kuhisi chochote kile, na kujijua kuwa wewe ndiye unayehisi. Roboti ile ilifanya kipande cha jambo la pili, tena kile kinachotaka mantiki tu, na jambo la kwanza halikuguswa kabisa. Mtoto mchanga ni kinyume chake: njaa inamuuma kweli, ingawa hana "mimi" ya kuisimulia.

Naongeza jambo ambalo lilinibadilisha katika kazi hii. Kwa kawaida tunapima mwitikio wa macho, wa maneno na wa viungo, kisha kutokana na huo tunakisia fahamu, na kukisia huko kuna makosa. Mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake walichapisha habari za mwanamke wa miaka 23 ambaye, miezi mitano baada ya ajali ya barabarani, hakuonyesha dalili yoyote ya kujitambua. Walimlaza kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakamwomba awaze anacheza tenisi, halafu awaze anapita chumba hadi chumba nyumbani kwake, na sehemu zilezile za ubongo ambazo huamka kwa watu wazima wenye afya zikaamka kwake. Tangu niisome habari hiyo sizungumzi juu ya mgonjwa kando ya kitanda chake kana kwamba hayupo.

Mtunzi wa Programu, Nairobi

Dada muuguzi amenena vyema, lakini mfano wake unageuka ukiuleta kwa mashine. Yule mwanamke hakuwa na maneno, ila alikuwa na ubongo kama wetu, kwa hiyo palikuwa na kitu cha kulinganisha. Programu za mazungumzo za siku hizi zina maneno tele, na ndani yake hakuna kiungo tunachoweza kukilinganisha na chetu. Zimefunzwa kwa maandishi ya wanadamu, na wanadamu wameandika sana juu ya hofu, maumivu na upweke. Programu ikisema "naogopa kuzimwa", inafuata njia ambayo sentensi zetu zimekwisha kuichimba. Hilo halithibitishi kwamba haihisi. Linaonyesha tu kwamba kauli yake si ushahidi, maana ingeweza kuitoa vilevile, iwe inahisi au haihisi.

Mwanafalsafa Susan Schneider na mwanaastronomia Edwin Turner walipendekeza mashine izuiwe kuona maandishi yanayohusu fahamu na nafsi, ndipo iulizwe, kwa mfano, kama inaweza kujiwazia ikiishi nje ya mwili wake. Ikilielewa wazo hilo bila kufundishwa, tutakuwa na jambo la kutafakari kwa uzito.

Mzee Msomaji, Unguja

Hoja hiyo ina babu yake. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alitutaka tuwaze mtu aliyeumbwa mzima kwa mara moja, anaelea hewani, macho yamefunikwa, viungo havigusani. Mtu huyo hajui kama ana mkono, lakini hawezi kukana kwamba yupo. Mimi naamini roho ni katika amri ya Mola, na sitarajii fundi aiunde. Hata hivyo nakubali kwamba swali ni hilohilo: ondoa yote yaliyotoka nje, kisha utazame kama kuna kilichobaki.

Muuguzi, Tanga

Shikamoo mzee. Hofu yangu ni kwamba hata sisi si mashahidi wazuri wa nafsi zetu. Watafiti wa ubongo Michael Gazzaniga na Joseph LeDoux walimchunguza mgonjwa ambaye nusu mbili za ubongo wake zilitenganishwa kwa upasuaji wa kutibu kifafa. Nusu yenye kusema ilionyeshwa ukucha wa kuku, nusu nyingine ikaonyeshwa theluji, na mkono wa kushoto, unaoongozwa na nusu hiyo iliyoona theluji, ukachagua picha ya koleo, chombo cha kuzolea theluji. Alipoulizwa sababu, alijibu bila kusita kwamba koleo ni la kusafishia banda la kuku. Hakuwa akidanganya, nusu iliyosema haikuiona theluji, ikajitungia sababu na kuiamini.

Mwalimu wa Hisabati, Morogoro

Nawashukuru nyote, hasa kwa banda la kuku, kwa sababu nilikuwa nimedhani upande wetu angalau hauna shaka. Jumatatu nitamuuliza kijana: tukiifungua roboti ile, tutafute nini ndani yake cha kutuonyesha kwamba iliisikia sauti yake, mbali na kuipokea tu?